Mipira ya Rede kwa Mkono wa Idi

Pipi sinunui. Nilianza kusema hivyo mwaka ule binti yangu alipong'olewa magego mawili wiki moja baada ya Idi, na kauli sijaibadilisha mpaka leo.

Mtaani kwetu, nyuma ya soko la Kariakoo, watoto huanza kubisha hodi mara tu swala ya Idi inapoisha: "Idi mubaraka! Mkono wa Idi!" Kila nyumba ina bakuli la pipi. Mimi ni fundi cherehani. Mwaka uliofuata, Ramadhani nzima nilikuwa nimeshona magauni na kanzu zao, na chini ya cherehani palibaki lundo la vipande. Basi nikavikunja, nikavikaza kwa uzi, nikavishonea viraka kwa nje, nikapata kapu zima la mipira ya rede, ule mchezo wa watoto wa kulengana na kukwepa mpira. Walipokuja, kila mtoto nikampa mpira.

Wengine walinitazama kama nimewapa mawe. Binti wa jirani akauliza, "Shangazi, pipi je?"

"Pipi hamna. Kacheze."

Haikupita nusu saa jirani mwenyewe akaja, dera jipya, mpira mkononi.

"Fundi, mwanangu hakuja kwako kuokota matambara. Na hiki si kitambaa cha gauni lake hiki? Kumbe vipande vyangu unavificha!"

Nilikasirika kweli. Kuitwa mwizi wa vitambaa siku ya Idi, mbele ya wapangaji wote! Na vipande vyenyewe hajawahi kuviulizia.

"Ulichoacha chini ya cherehani ndicho nilichompa mwanao," nikamwambia. "Sasa wizi uko wapi?"

Akautupa mpira barazani, akaondoka akitangaza kwamba mimi mchoyo, watoto wasinipitie tena. Niliumia, sifichi. Nyumba isiyobishwa hodi siku ya Idi ni kama haimo mtaani. Lakini pipi sikununua.

Idi iliyofuata nilikaa barazani na kapu langu. Wawili wakapita bila kunitazama. Kisha akaja yule binti wa jirani, pipi shavuni, amekumbatia mpira uleule. Kumbe siku ile alirudi kuuokota. Ulikuwa umechanika kwa kuchezewa, vipande vinatoka nje.

"Shikamoo, shangazi. Sitaki mpya. Nishonee huuhuu."

"Marahaba. Kaa hapa."

Mama yake alikuwa dirishani, anatuona. Nikatunga uzi kwenye sindano, wala sikuharakisha.