Uzito wa Sifa za Mgeni

Mkalimani hapitishi neno ambalo hajalipima. Hiyo ndiyo kanuni ya Honorata, mwalimu mstaafu wa Kiingereza wa mtaa wa Mwanga, na hakuivunja hata kwa ajili ya ndugu.

Siku ile alikuwa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, akimkalimania wifi yake Verediana, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waanikaji. Mgeni Mwingereza alikuja kutazama mzigo. Akikubali kununua, kikundi kingeachana na Sefu, tajiri wa Ujiji aliyenunua dagaa wao miaka yote.

Mgeni alizunguka, akanusa, akatabasamu. Kisha akasema mpango wao wa kumuuzia unavutia sana, ni wa kijasiri kwelikweli, naye angependa kuendelea kuufikiria.

"Kasemaje, wifi?" Verediana aliuliza, kiganja tayari mdomoni. Kwa wanawake wale, vigelegele vikishapigwa neno limefungwa. Sefu angeambiwa jioni ileile ashike njia yake.

Maneno yale Honorata aliwahi kuyafundisha yote ubaoni, moja moja. Lakini sasa aliyasikia yakifuatana, kwa sauti laini namna ile, na maana yake ikamfunukia. Mlango ulikuwa umefungwa mbele yao bila kutoa mlio, na aliyeufunga bado anatabasamu! Alistaajabu kama mtu aliyechota maji ya ziwa hili maisha yake yote, kisha siku moja akaonyeshwa kina chake.

Akamgeukia mgeni, akamuuliza kwa upole, "Niwaambie umekataa?"

Mgeni aliiva uso kwa aibu. "Ndiyo," akajibu. "Samahani."

Honorata akawaeleza wenzake yote, maneno yalivyosemwa na maana yake.

"Wewe ndiye uliyemtia neno hilo mdomoni!" Verediana akafoka. "Mtu katusifu, wewe unamfundisha kukataa?"

"Wifi, alikuwa amekataa tangu mwanzo."

"Tangu lini sifa ikawa kukataa? Kiingereza chako kina husuda, mama!"

Mgeni hakurudi. Sefu bado ananunua, na vichanja havijakaa vitupu. Verediana analiona hilo kila asubuhi, wala halisemi.

Happiness, binti wa Verediana, alipoolewa, Honorata alisikia ngoma akiwa ameketi barazani kwake. Hakualikwa.

Kanuni ile aliitunza, na gharama yake ikawa undugu wake na wifi.