Bakoki wa Baba

Kwa siku nne baba yangu, Mzee Kizito, alikuwa hajala chochote cha maana, na mimi nilikuwa siwezi kutulia. Nikiketi dakika moja naamka, naenda jikoni kupasha uji ambao tayari ni moto, narudi chumbani, natazama kama kifua chake bado kinapanda na kushuka. Mama aliniambia nitachimba shimo sakafuni. Nilimjibu kwamba afadhali nichimbe mimi kuliko wale wachimbaji wa kaburi. Nikajuta papo hapo.

Nyumbani kwetu ni hapa Bokoli, lakini baba alikuwa mtu wa Kitale kwa miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kukagua mahindi ghalani. Alikuwa anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, anatoa punje chache, anauma moja, na kabla mashine ya kupima unyevu haijasema anajua kama mahindi yamekauka. Mkulima aliyetoka mbali na trekta angeambiwa arudishe mzigo akauanike, na machozi yake hayakubadilisha kitu. Hongo hakuchukua hata siku moja. Lakini niseme ukweli, alijivuna nayo hiyo. Hata kanisani sala zake zilikuwa ndefu na zimenyooka, kama za mtu anayemsomea Mungu ripoti.

Mwezi wa tatu kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Daktari alituruhusu kutoka hospitali na onyo moja: asipokula na kumeza dawa za presha, kitarudi, na kikirudi hataamka. Nikafunga duka langu la mbegu pale Kitale, nikaja kumlisha. Nilimlisha kiaskari. Kijiko mdomoni, kitambaa kidevuni, haya meza. Mwanzoni alimeza. Kisha siku moja uji ukamwagika kifuani mbele ya watu wa kanisa waliokuja kumwombea, na tangu hapo akabana meno. Hata amina hakuitikia tena. Nilidhani ni ugonjwa. Ilikuwa aibu, na yangu pia ilikuwamo, maana wageni waliofuata niliwaambia getini kwamba amelala.

Mama ndiye aliyempigia simu Nyongesa wa Sirisia. Nyongesa ni bakoki wa baba, yaani walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu Wabukusu bakoki ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kukutania vibaya mbele ya watu, hata kwenye matanga ya mamako, na ukikasirika aibu ni yako. Hayo niliyajua kwa kusikia. Kuyaona juu ya kitanda cha baba mgonjwa ni jambo lingine kabisa.

Aliingia na vumbi la bodaboda kwenye suti yake, hakunisalimu, hakuuliza hali. Akamchoma baba tumboni kwa kidole, kisha akakinusa kile kidole.

"Hii gunia iko na maji mingi," alisema. "Nani alipokea hii? Irudishwe ikaanikwe."

Damu ilinipanda. Nilimshika mkono nimtoe nje, mzee wa umri wa baba yangu, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni si ya kuandika. Mama akanishika mimi. Aliniambia nimwangalie baba kwanza.

Baba alikuwa amemkazia Nyongesa jicho, na kona moja ya mdomo wake ilikuwa inacheza. Nyongesa akachukua bakuli langu la uji bila kuomba, akaketi kitandani, akang'oa meno yake yote ya juu na kuyaweka mezani kando ya dawa. Hatukujua kwamba ni ya bandia. Baba mwenyewe hakujua. Kisha akaanza kunywa uji wetu kwa midomo iliyolegea, ukimchuruzika kidevuni mpaka kwenye tai.

"Mimi bibi hunikatia nyama kama mtoto, bakoki," alisema, na bila meno maneno yake yalikuwa yamepinda sawa na ya baba. "Nimekuficha hii kitu miaka saba. Niliogopa utanicheka. Si unicheke sasa."

Baba akamcheka. Hakikuwa kicheko kizuri, kilitoka upande mmoja pamoja na mate, na kilimtikisa mpaka nikaogopa presha. Mama naye akashindwa kujizuia. Mimi nilijikuta nacheka huku bado nimekasirika, na sikujua nisimame wapi.

Kisha baba akataka kusema. Ilimchukua muda mrefu, na Nyongesa alingoja bila kumsaidia hata neno moja.

"Mungu," baba alisema, "nimeshindwa kujilisha. Nilishe."

Sala fupi namna hiyo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Nyongesa akaitikia amina, akanirudishia bakuli. Baba akanigeukia na kufungua mdomo. Nilipeleka kijiko. Akameza, akafungua tena.