Siku Niliyoizika Timu ya Kawempe

Mkasa huu sijawahi kuusimulia huku nikimtazama mtu machoni, na hata leo, nimeshahama mji baada ya mji na umri unakaribia hamsini, aibu yake haijapungua. Nilitoka Tabora kwa treni hadi Mwanza, nikapanda meli hadi Bukoba, nikangoja lori siku mbili, nikashuka Masaka homa ikinitetemesha, na wiki moja baadaye nikaingia Kampala na sanduku moja na cheti cha fomu foo (kilicholowa), wakati ule wa utawala wa wanajeshi, nikijiona mjanja kwa sababu tu Kiswahili changu kilikuwa safi kuliko cha wengi mjini.

Nikapata kazi kwenye duka la kupiga chapa Wandegeya. Mwenzangu mashineni alikuwa Kasule, golikipa wa timu ya Kawempe. Mimi nilipanga chumba Kyebando, mtaa wa jirani, kwa hiyo nikawa shabiki wa Kyebando, tukawa tunachokozana kutwa. ("Timu yako, ssebo," yaani bwana, aliniambia Kasule, "inacheza kama inatafuta sindano.")

Timu hizo mbili zilipopangiwa mechi nikapewa kazi ya kupanga herufi za tangazo, nami, bila kuulizwa na mtu, nikaweka juu kabisa WATANI WA JADI. Hakuna aliyeelewa. Basi nikawasomesha: kwetu mababu walipigana na majirani zao mpaka wakachoka, wakapatana kwamba tangu hapo watatukanana tu, na mtani akikutukana hukasiriki, hata msibani anakuja kumcheka marehemu, anaweza kulala kaburini na hatoki mpaka abembelezwe. Watu wa mpira wakaliazima neno kwa timu zinazopakana. Vijana wa Kyebando walicheka mpaka wakashika matumbo, wakasema tukishinda lazima niwaonyeshe. Nikakubali, na hapo ndipo nilipojichongea.

Tulishinda mbili bila. Filimbi ya mwisho ilipolia tu vijana wakaleta kigogo cha mgomba kimefungwa shuka jeupe, mimi nimejipaka majivu usoni na suruali nimeikunja hadi magotini, tukazunguka uwanja na maiti yetu, naongoza kilio, "Mtani wangu, umekwenda wapi, mbona hukuaga," watu wanacheka, kichwa kinanivimba kwa sifa, mpaka tukafika golini kwa Kasule. Yeye hakucheka. Akaninong'oneza, "Acha. Mama yuko hapa." Nikadhani ndio utani wenyewe, nikapaza sauti zaidi.

Mama yake akatoka kwenye watazamaji, akakichukua kile kigogo mikononi mwetu, akaketi chini, akakipakata, akalia. Kaka yake Kasule alikuwa amechukuliwa nyumbani na wanajeshi mwezi uliotangulia, hakurudi yeye wala maiti yake, na familia ilikuwa ikiwaambia majirani kwamba amepata kazi Jinja, maana kumlilia mtu wa namna hiyo ni kukiri kwamba unajua ameuawa, na waliojua walifuatwa. Mimi sikujua. Wanawake wengine wakaanza kulia naye, kila mmoja akimlilia wa kwake, uwanja mzima ukawa matanga.

Askari waliokuwa wakilinda mechi wakaja. Mkubwa wao akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na majivu. "Nani nakufa hapa?"

Nikasema hakuna, afande, ni utani. Akauliza utani ni kitu gani, nikaanza upya, mababu, vita, msiba. Akamwelekezea mama bunduki.

"Na huyu mama, iko mtani pia?"

"Ndiyo, afande. Naye ni mtani."

"Basi ambia yeye cheka."

Sikuweza kumwambia. Alikuwa amesikia. Akajifuta macho kwa upindo wa gomesi, gauni lake refu, kigogo bado kimelala mapajani, akacheka. Akaendelea kucheka mpaka askari wakaridhika wakaondoka, na Kasule amesimama pale na glavu zake, anatazama chini.

Jumatatu Kasule hakuja kazini. Jioni nikaenda kwao, nikapiga magoti mlangoni kuomba radhi. Mama yake akaniinua.

"Umeniokoa, mutoto yangu," akasema. "Lakini usirudi hapa tena."

Asubuhi yake nikapanda basi la Masaka, na Kampala sijaiona tena. Tangu siku hiyo, popote ninapokutana na msiba, hata wa watani zangu halisi, utani siufanyi. Nakaa nyuma kabisa, kimya, na mtu akilia namwacha alie mpaka amalize.