Mpira Umekwisha

Ndege sikuiogopa. Nilichoogopa ni kuchelewa. Miaka ile ya tisini binti yangu alikuwa Kampala na mimba ya kwanza, na mama mkwe wake alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mtoto ataogeshwa na nesi, hakuna haja ya kumsumbua mzee wa kijijini. Mzee wa kijijini ni mimi, mama yake mzazi. Nikampa dereva wa lori jibu la kupeleka: nakuja. Kwetu Ludara, karibu na mpaka wa Kongo, mtoto wa kwanza wa binti yako unampokea kwa mikono yako. Usipofika, watu wanauliza ulikufa lini.

Barabarani hakukupitika. Njia ya Pakwach ilikuwa na watu wa bunduki; magari yalikwenda kwa msafara au hayakwenda kabisa. Wanangu wakanitafutia nafasi kwenye ndege ndogo.

Asubuhi nikafika uwanja wa Arua na mzigo wangu: simsim ya kusaga, mafuta ya kumpaka mtoto, na kuku ndani ya kapu, mdomo nimeufunga kwa uzi asije akaniaibisha. Abiria tulikuwa wachache. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Koboko, Mwislamu mwenye kofia ya kufuma na tumbo la kutangulia. Kulikuwa na mama wa misheni ya Ediofe na rozari yake. Na wanaume wawili wa ofisi.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa changarawe, na vijana wa shule walikuwa wanacheza mpira katikati yake kama kawaida. Kila mtu alijua utaratibu. Ndege ikitaka kuruka, askari anapiga filimbi, mpira unakwisha, mbuzi wanafukuzwa, watu wanapanda.

Rubani siku ile alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye adabu nyingi. Akatusogelea na kuinamisha kichwa. "Shikamooni, wazee wangu."

Tukatazamana. Kiswahili cha namna hiyo mara ya mwisho tulikisikia kwa askari wa Tanzania mwaka sabini na tisa, na siku ile hatukungoja kusalimiana, tulikimbilia Kongo. Mfanyabiashara akatujibia sote: "Mzuri."

Rubani akaanza kuizunguka ndege yake. Alipofika kwenye miguu ya ndege akapiga magoti. Akapitisha kiganja juu ya tairi polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akachokoa changarawe kwenye mifereji kwa kijiti. Akawasha tochi, jua limewaka hivyo, akamulika ringi na kugusa nati zake moja moja. Akalala chali. Halafu akawaomba wale wawili wa ofisi waisukume ndege kidogo, aone na upande wa tairi uliokuwa umekanyaga chini.

"Umeona?" mama wa Ediofe akaninong'oneza. "Hata yeye anaomba."

"Anaomba nini chini ya tairi?"

"Mungu iko kila pahali."

Rubani akainuka, akapangusa magoti, akatikisa kichwa. "Mpira umekwisha, wazee wangu," akasema, akaenda zake kwenye kibanda cha redio.

Tukageuka kutazama uwanjani. Kweli, vijana walikuwa wameketi kando, wanakunywa maji. Mpira umekwisha! Tukabeba mizigo. Mfanyabiashara alinipita mlangoni kwa tumbo lake, nami nikampita kwa kapu. Rubani aliporudi alitukuta tumekaa, mikanda tumefunga, kuku mapajani.

"Mnafanya nini humo?"

"We umesema mupira imekwisha," mfanyabiashara akasema.

"Ndiyo! Umekwisha! Hatuwezi kuruka!"

"Sasa kama imekwisha tunangoja nini? Wanataka kucheza tena?"

Ilichukua muda kuelewana. Sisi kitu kile tunakiita tairi. Yeye, na Kiswahili chake chote kile kizuri, akakiita mpira.

Kuelewa tukaelewa, lakini kushuka hakuna aliyeshuka. Nafasi za ndege zile tulizijua: ukiinua makalio, mwingine amekaa.

"Lori yangu ya Koboko," mfanyabiashara akamwambia rubani, "tairi zake iko na nyuzi nje kama ndevu za shehe. Na inafika."

"Mzee, hii si lori."

"Tairi ni tairi."

Nikaona tutabishana mpaka mjukuu aote meno. Nikamwambia rubani, "Wewe, nionyeshe." Nikashuka na kuku wangu, simsim nikaiacha ilinde kiti.

Akanipeleka. Asubuhi ile wakati wa kutua changarawe ilikuwa imelikata tairi. Akaupanua mkato kwa vidole viwili, nikaona nyuzi nyeupe ndani, zimeanza kukatika, kama godoro lililochoka.

"Uzito wote unashukia hapa, mama," akasema. "Kuruka tungeweza kuruka. Kutua ndiko sijui."

Neno hilo lilinitosha. Mimi sikutoka Ludara ili niruke. Nilitoka ili nifike.

Nikarudi mlangoni. "Shukeni."

"Mama, wacha bwana!" mfanyabiashara akasema. "We ndiyo iko na haraka kuliko sisi wote!"

"Lori yako ikipasuka tairi, mnafanya nini?"

"Tunashuka, tunasukuma."

"Basi, ikipasuka hii, utashuka huko juu utasukuma. Sisi tutakutazama dirishani."

Mama wa Ediofe alicheka mpaka rozari ikamtoka mkononi, akashuka kuifuata. Wa ofisi wakafuata. Mfanyabiashara akabaki peke yake kama bwana harusi aliyekimbiwa.

"Hii mama iko askari," akanung'unika.

"Mjane wa askari. Shuka."

Gurudumu lingine lilikuja mchana na ndege nyingine. Kufikia hapo nusu ya simsim ya mzazi tulikuwa tumeila chini ya bawa, na mfanyabiashara ndiye aliyekula zaidi. Ndege yetu ilipopigwa jeki, yeye ndiye aliyepiga kelele zaidi. Gurudumu likafungwa. Rubani akapiga magoti tena, kiganja juu ya tairi, tochi, nati.

"Lakini hii iko mupya!" mfanyabiashara akalia.

"Ndiyo, mpya. Lakini mimi bado sijauona."

Mfanyabiashara akamtazama. Kisha naye akajishusha chini kwa shida, akapitisha kiganja, akatangaza, "Iko sawa," kana kwamba tulikuwa tunangoja ruhusa yake.

Tulipotua Entebbe nilinyanyua miguu yangu yote miwili, nimsaidie yule rubani.

Hospitalini nilifika jioni. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti pekee, mkoba magotini.

"Umechelewa," akasema.

"Mtoto amezaliwa?"

"Bado."

"Basi nimewahi."

Akazaliwa alfajiri, msichana. Nesi alipomaliza mambo yake nikanyoosha mikono, nikapewa. Nikamfungua nguo zote. Nikapitisha kiganja juu ya kichwa chake, kipara kitupu. Nikamgeuza nikautazama mgongo, nikatazama kila kikunjo cha shingo.

"Unatafuta nini?" mama mkwe akauliza. "Mtoto ni mzima. Daktari amesema."

"Daktari amemwona," nikamjibu. "Mimi bado sijamwona."

Nikahamia kwenye miguu.