Nafasi Mbili Zilizo Wazi

Niliondoka Nairobi Ijumaa alfajiri kwa sababu Ouma alikuwa ameuawa kwa risasi ya polisi kwenye maandamano Kisumu, na kikundi chetu cha dansi kilitaka mtu wa kushika nafasi yake. Nisiwafiche: mimi niliwakimbia wenzangu miaka miwili iliyopita, nikaenda kuwachezea watalii hotelini. Njia nzima nilirudia hatua za Ouma kwa vidole vya miguu ndani ya viatu.

Alasiri, Kaloleni, mtaa wetu wa Kisumu. Watatu waliobaki walinipokea bila maneno mengi. Dansi yetu ni rahisi: wanne wanaanguka mmoja mmoja kama waliopigwa risasi, wa tano anawainua. Tuliicheza barabarani kila kijana wa mtaa alipouawa. Mwinuaji alikuwa Ouma. Tulifanya mazoezi hadi jioni, nikawainua vizuri, na Mungu anisamehe, nilijisikia fahari.

Jumamosi asubuhi, Asembo Bay, nyumbani kwa kina Ouma, manyunyu. Chifu alikuwa ameonya kwamba hataki siasa mazishini. Lakini tero buru, desturi yetu ya kukimbiza ng'ombe na kucheza ili kukifukuza kifo bomani, nani angeikataza? Tungeingiza dansi yetu humo. Kabla hatujaanza, mama yake Ouma akanishika mkono.

"Hiyo mahali ya Ouma mtaacha hivyo," akasema. "Wewe ingia kwa yako. Hiyo pia imekaa bila mtu."

Aibu ilinishika. Nikaingia kwa yangu.

Tulianguka wote wanne, na wa kutuinua hakuwepo. Tukalala matopeni, ng'ombe wakipita kando, mpaka ngoma zikanyamaza. Chifu alingoja, akakohoa, mwishowe akatuambia imetosha, tuinuke. Hakuna aliyejitikisa.

"Chifu," mama akasema polepole, "ita wale walimpiga. Wakuje wawainue."

Chifu akatazama viatu vyake. Sisi tuliinuka tu jeneza lilipohitaji wabebaji.

Jumapili wenzangu walinisindikiza stendi. Hakuna aliyeniuliza nitarudi lini, na hilo liliniuma kuliko lawama. Nilikuwa nimesafiri kuziba pengo la marehemu, kumbe pengo la kwanza niliacha mimi, mzima wa afya.

Jumatatu hotelini, dansi ya watalii ilipofika kwenye hatua ya kuanguka, nilikawia chini. Wageni walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi.