Mashine ya Sarafu Stoo Kwetu

Mume wangu aliponiletea habari ya mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni, nilikuwa juu ya ngazi nafunga taa katika duka moja pale mtaani kwetu, Bagamoyo ya hapa Tukuyu. Alinishikia ngazi, akaongea kwa furaha ya mtu anayetangaza harusi. Rafiki yake mwenye duka la kompyuta Mbeya alikuwa anauza mashine zake zilizokwisha kutumika. Angetupa moja tuijaribu nyumbani, tukiridhika tununue.

"Baridi ya huku peke yake ni mtaji," alisema. "Dar wanaziwekea viyoyozi. Sisi tunafungua dirisha tu."

Hapo hakukosea. Mimi ni fundi umeme, nimefanya wayaringi za nyumba nyingi kuanzia mjini hadi Masukulu, na najua joto linavyoua vifaa. Lakini sikutaka kukubali jambo kubwa nikiwa nimeshika bisibisi.

"Ilete," nikamwambia. "Nitaipima mwenyewe, na nitakachosema ndicho tutakachofanya."

Alikubali upesi mno. Alijua nilivyo na ugonjwa wa kupenda mashine.

Ilikuja imeviringishwa kwenye blanketi. Ilikuwa fupi, nzito, na feni moja mbele, nyingine nyuma. Mama mkwe wangu, ambaye alihamia kwetu kutoka Nkunga miguu ilipoanza kumsumbua, aliizunguka akiitazama.

"Inafanya nini hii?"

"Inabahatisha namba, mama, bila kupumzika," nikamjibu. "Inashindana na mashine nyingine dunia nzima. Inayopatia, mwenyewe analipwa."

"Basi ni kamari hiyo."

"Hizi ndogo zinaungana nyingi pamoja, mama. Malipo yakija wenyewe wanagawana, kama wachuma chai. Kila mmoja anapata kwa kadiri ya alichochuma."

Akafikiri kidogo. "Na huyu mchumaji wenu anakula nini?"

"Umeme."

"Mwingi?"

"Ndiyo nataka kujua."

Sikuichomeka kwenye soketi ya sebuleni, maana soketi ile ingeungua. Nilivuta waya mnene kutoka kwenye bodi ya umeme hadi stoo, nikaufungia swichi yake ya kujikata umeme ukizidi. Kisha nikawasha.

Feni zililia kama mashine ya kusaga mahindi. Kuku walikimbia uani. Mama mkwe alishika fimbo yake akatoka barazani bila kuaga.

"Inaamka tu hiyo!" mume wangu alipiga kelele nimsikie. "Itatulia!"

Haikutulia. Tuliishi nayo wiki nzima tukizungumza kwa kufokeana, hata tukiombana chumvi. Lakini lazima niseme ukweli, ilinivutia. Ilikuwa majira ya mvua zetu zisizojua kukoma, na hewa ya moto iliyotoka nyuma yake ilikausha sare za watoto vizuri kuliko jiko la mkaa. Mume wangu alinionyesha zile sare kana kwamba ndizo faida yenyewe. Nami kila nikitoka kazini nilikwenda stoo kwanza, kabla hata ya kuvua viatu, nikafungua kompyuta niangalie inaendeleaje.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mashine ina bodi tatu za kufanyia kazi, na mbili tu ndizo zinazoonekana kwenye kompyuta. Jioni, majirani wote wakiwasha vitu vyao, umeme ulipungua nguvu, mashine ikajizima na kuanza upya. Uniti za luku tulizonunua nazo zilikwisha haraka mpaka mama mkwe akadhani mita imeharibika. Nilipolinganisha umeme tuliotumia na kile ilichotuingizia, umeme ulikuwa mbele. Nikarudia kulinganisha nikiifikiria ina bodi zote tatu, na bado umeme ulikuwa mbele.

Nikaizima. Nyumba ikawa kimya hata tukasikia mvua juu ya bati.

"Hatununui," nikamwambia mume wangu.

"Na sarafu ikipanda bei?"

"Kama unaamini itapanda, tununue sarafu yenyewe kidogo. Ile haipigi kelele."

Hakucheka. Alitoka akakaa barazani na mama yake, na mimi nikabaki stoo nimeweka mkono juu ya bati la mashine, bado lina joto. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi pia, kwa sababu nilitamani jibu liwe jingine. Ila sikuwa na wasiwasi nalo.

Tuliirudisha Mbeya pamoja. Rafiki yake aliposikia bodi moja haifanyi kazi, alikunja uso.

"Shemeji, hii ilitoka hapa nzima."

"Naomba bisibisi," nikasema.

Niliifungua pale pale kaunta. Nikabadilisha nyaya kati ya bodi nzima na ile mbovu, nikaiwasha. Nzima ikaendelea kuonekana kwenye kompyuta, mbovu ikaendelea kujificha. Maana yake waya hauna kosa, bodi ndiyo imekufa. Mwenye duka akajikuna kichwa.

"Ninazo nyingine ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Unaweza kuziangalia?"

Niliziangalia, na baadhi nikazitengeneza. Tangu siku ile akikwama huniita, nami napanda kwenda Mbeya na mkoba wangu wa vifaa. Mume wangu, aliyeninunia njia nzima tulipoipeleka mashine, ndiye anayenitafutia kazi sasa. Anawaambia watu mkewe ni daktari wa mashine za sarafu.

Wapo wanaokuja kuniuliza kama wanunue ya kuweka nyumbani. Siwakatazi. Nawauliza umeme wao ukoje, na chumba kipi kitakuwa cha mashine, halafu nawaomba wanipe nafasi niipime kabla hawajalipa. Wengi wakishaisikia inavyolia, wanarudi nyumbani mikono mitupu na hawanilaumu.