Gudi Afutanuni Kwenye Jeneza la Tata

Kwetu kijijini Kamachumu wananiita Gudi Afutanuni, hata watoto wa shule nisiowajua, na mimi nikipita naitikia kwa mkono kama mtu asiyeumia. Leo nawaeleza jina hilo lilikotoka, ila mniahidi kwamba mkicheka mtacheka kidogo, kwa sababu hapo katikati yumo baba yangu ndani ya jeneza.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, alifariki baada ya kuugua muda mrefu, tukapanga kumzika Ijumaa kwenye kibanja chetu, pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Sisi watoto ni wawili tu, mimi Deo na dada yangu Kokushubira, ambaye ni fundi cherehani Dar es Salaam, na siku hizo alikuwa na mimba iliyofika mwishoni na daktari kamkataza kabisa kusafiri. Alilia kwenye simu mpaka nikaogopa. Kisha akanyamaza, akasema basi kama yeye hawezi kuja, kanzu ya kumzikia Tata ataishona yeye (Tata alikuwa akimtania miaka yote kwamba anawashonea watu wa mjini wote isipokuwa baba yake). Akaniambia, "Deo, wengine mtamshika kwa mikono. Mimi nitamshika kwa hiyo kanzu." Akaishona, akaikabidhi kwa watu wa kusafirisha vifurushi, akanitumia namba ya ofisi yao ya Bukoba.

Alhamisi mchana kifurushi kilikuwa kimechelewa na hakuna aliyetupigia. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai uwanjani, mimi na wazee wa ukoo, tunatafuna punje za kahawa, baba mdogo Novati akasema nipige niulize. Jamani, ningepiga kwa Kiswahili ingekuwa imeisha. Lakini (mnatujua Wahaya, msinilazimishe kujisema zaidi ya hapo) mimi nilikuwa nimetoka Hamugembe, Bukoba mjini, nimevaa suti, ndiye niliyesoma mpaka chuo, wazee wote wananitazama, na kwenye simu yangu nilikuwa nimehifadhi ukurasa wa sentensi nzuri za Kiingereza za kuulizia kifurushi kilichochelewa, jinsi wenye lugha yao wanavyouliza, nikajiambia kwamba ofisini ukiongea Kiingereza watu wanasimama wima. Nikaweka spika ili kila mtu asikie.

"Good afternoon, Deogratias speaking," nikasema. "I was just wondering if there's any update on my parcel. No rush at all."

Hayo maneno ya mwisho maana yake ni hakuna haraka kabisa. Ukurasa ulisema ndiyo adabu yenyewe, nami nikayachukulia kama salamu, kama sisi tunavyojibu hatujambo huku tuna homa. Karani akanijibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba amenielewa na atanijulisha. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa fahari, akawaambia wenzake, "Waitu, huyu mtoto alisoma." Mama, ambaye alikuwa mkekani mlangoni na hakuelewa hata neno moja, akaniuliza kwa Kihaya kama wameelewa kuwa ni ya Tata. Nikamwambia wanashughulikia, atulie.

Ijumaa asubuhi nikapiga tena nikiwa mochwari, na kwa kuwa binamu zangu walikuwepo, nikatumia sentensi nzito zaidi ya kumwomba anijulishe wakati wowote atakaoona unamfaa. Akanishukuru sana kwa uvumilivu wangu. Nikarudisha simu kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikangoja, jeneza likangoja, gari likangoja, mpaka baba mdogo akasema padre hawezi kusubiri nguo. Kanzu za zamani za Tata zilikuwa nyumbani na nyumbani ni mbali. Tukamfunga shuka jeupe, nami nikavua koti langu nikamvalisha. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza, mikono ya koti ikamfunika mpaka vidole, nikaikunja kidogo kidogo huku nalia, na mfuko wala sikuukumbuka.

Alasiri tukaanza kumuaga nyumbani. Ukungu umeshuka, mimi natetemeka na shati langu, kwaya inaimba polepole, mama akawa wa kwanza kusogea. Alipoinama tu, kifua cha Tata kikaanza kulia.

Sitaki kuwaeleza yote. Shangazi zangu waliangusha viti, kwaya ilikatika katikati ya neno, na mzee mmoja mwenye fimbo nilimwona akiwa tayari ameshaingia migombani. Mama peke yake hakukimbia. Aliweka kiganja juu ya lile koti lililokuwa linatikisika, akauliza kwa sauti ndogo, "Baba Deo, unaniita?"

Mpaka leo sijajua la kufanya na sauti ile. Nilichofanya wakati ule ni kuingiza mkono kifuani kwa baba yangu, nikaitoa simu, na kwa kuchanganyikiwa, mbele ya padre na kijiji kizima, nikaipokea, nikabonyeza na spika kama nilivyozoea: "Good afternoon, Deogratias speaking."

Alikuwa yule karani. Kwa Kiingereza chake cha heshima aliniuliza wiki ijayo ni siku gani itanifaa kuletewa kifurushi changu.

Hapo ndipo Kiswahili kiliponirudia. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hiyo ni kanzu ya kumzikia baba. Ndiyo tunamzika sasa."

Akasema, "Pole sana, kaka. Iko hapa mezani kwangu tangu jana asubuhi. Ulisema huna haraka." Watu wote chini ya turubai walisikia, na maneno hayo hayakuhitaji mkalimani.

Tulimzika na koti langu. Kanzu ilifika jioni na gari la mwisho kutoka Bukoba, nyeupe, ina ushonaji mwembamba shingoni ambao najua ulimchukua dada usiku mzima. Nilikuwa nimeishika alipopiga simu kuuliza kama ilimkaa vizuri. Nikafungua mdomo, mama akaninyang'anya simu. "Ilimkaa, mwanangu," akamwambia, kisha akaikunja kanzu akaenda kuificha chini ya godoro lake.

Tangu siku hiyo ule ukurasa nimeufuta, na jambo linalouma nalisema kwa lugha ninayolilia. Lakini kuna moja bado sijalisema. Dada alijifungua salama, mtoto wa kiume, amempa jina la Tata, na Krismasi anamleta aone kaburi. Juzi alinipigia anacheka, akaniuliza kwa nini siku hizi watu wa nyumbani wananiita Gudi Afutanuni.